KISWAHILI SI LUGHA YA MAZIMWI

Wahenga walisema kuwa mdomo huponza kichwa. Methali hiyo hutumiwa kwa watu, lakini hapana ubaya kuitumia pia kwa kazi za watu. Ziko kazi ambazo mikono ya mafundi imezijenga kwa ustadi usio na shaka, kisha mdomo wa mwandishi ukazivunjia heshima. Mfano mmojawapo ni mchezo wa video uitwao Resident Evil 5, uliotolewa mwezi Machi mwaka 2009 na kampuni ya Capcom yenye makao yake makuu mjini Osaka, Japani.

Mchezo huo ni mwendelezo wa mfululizo ulioanza mwaka 1996, ambao huko Japani hujulikana kwa jina la Biohazard. Ule wa nne, uliotolewa mwaka 2005, ulimpeleka mchezaji katika kijiji cha Hispania. Huu wa tano ukamleta Afrika. Nakala zaidi ya milioni 7 zimekwisha kuuzwa ulimwenguni. Mwaka 2016 uliuzwa upya kwa ajili ya mashine mpya za wakati huo, na mwaka 2019 ukauzwa tena kwa mashine nyingine. Kwa hiyo jambo linalozungumzwa hapa halijazikwa. Ni bidhaa iliyo sokoni, na kijana wa Tanga au Mombasa aweza kuicheza leo hii jioni, akasikia mazimwi yakimfokea kwa lugha ya mama yake.

Haki itendeke kwanza. Kwa upande wa uchezaji, mchezo huu ni kazi ya mafundi hasa. Mchezaji hutazama kutoka nyuma ya bega la mhusika wake, na anapotaka kufyatua risasi hulazimika kusimama. Hawezi kukimbia na kulenga kwa wakati mmoja. Kanuni hiyo ndogo huzaa hofu kubwa, kwa kuwa kila risasi ni uamuzi: kusimama na kupiga huku adui akisogea, au kugeuka na kukimbia huku risasi zikibaki chache. Mfuko wa mchezaji una nafasi 9 tu za kuwekea silaha, risasi na dawa, na mambo hayasimami wakati anapoupekua. Akizubaa akitafuta dawa, shoka litamkuta kichwani.

Zaidi ya hayo, mchezo huu umejengwa kwa ajili ya watu wawili. Mmoja humwendesha Chris Redfield, askari kutoka Marekani. Wa pili humwendesha Sheva Alomar, askari mwanamke wa Kiafrika wa tawi la Afrika Magharibi la kikosi hicho hicho. Wawili hao hugawana risasi na dawa. Mmoja akiangushwa, mwenzake anazo sekunde chache za kumfikia na kumwinua. Akichelewa, wote wawili wameshindwa. Hakuna atakayefika mwisho peke yake. Asiyetaka kumpa mwenziwe risasi leo, kesho atakosa wa kumtoa katika mikono ya adui. Ni vigumu kuonyesha ushirikiano kwa uwazi zaidi ya huo. Vijana wawili wakikaa mbele ya kioo kimoja hujifunza jambo hilo kwa vidole vyao kabla ya kuambiwa na mtu yeyote.

Hiyo ndiyo mikono ya mchezo huu. Sasa na utazamwe mdomo wake.

Hadithi inasema kwamba Chris ametumwa katika eneo la kubuniwa liitwalo Kijuju, huko Afrika Magharibi, kumtafuta mfanyabiashara wa silaha za vijidudu. Anapofika anakuta wenyeji wameingiziwa vimelea vinavyowatoa akili na kuwafanya wauaji. Kazi ya mchezaji tangu hapo ni kuwapiga risasi wenyeji hao, kutoka mitaa ya mji hadi machimbo, kutoka machimbo hadi vinamasi, mpaka amfikie adui mkuu, Albert Wesker, mzungu mwenye miwani myeusi anayetaka kueneza kirusi duniani kote. Pambano hilo linamalizika ndani ya volkano, ambako Chris analisukuma jabali kubwa kwa makonde matupu. Kama upungufu wa maandishi ungekuwa upuuzi wa aina hiyo peke yake, usingestahili wino. Upuuzi ni haki ya kila mtunzi wa vitisho. Linalostahili kukemewa ni inda, yaani maandishi yanayoichukua jamii nzima ya watu na kuifanya uchafu wa kufagiliwa.

Jina lenyewe la eneo hilo linaanza kueleza. Juju ni neno linalojulikana Afrika Magharibi, lenye maana ya hirizi na uganga. Waandishi, yaelekea, wamelitwaa na kulivika kiambishi cha Kiswahili, likawa Kijuju. Kisha wakawapa wakazi wake Kiswahili wakiseme, lugha ambayo masikani yake ni upande wa pili wa bara, maelfu ya kilomita kutoka Afrika Magharibi. Mtu aliyeandika hadithi ya wakulima wa Ureno akawafanya waseme Kirusi angechekwa katika kila gazeti la Ulaya. Lakini kwa kuwa ni Afrika, ilidhaniwa kuwa hakuna atakayejua, au kwamba atakayejua hana umuhimu.

Wala asishangae msomaji. Mtayarishaji mkuu wa mchezo huo, Jun Takeuchi, alipata kueleza kwamba mojawapo ya mambo yaliyoathiri mandhari yake ni filamu ya Black Hawk Down ya mwaka 2001. Filamu hiyo ya Kimarekani inahusu mapigano ya Mogadishu ya mwaka 1993, nayo ilipigwa Moroko. Kwa hiyo Somalia iliigizwa Moroko kwa macho ya Marekani, sura hiyo ikapelekwa Osaka, ikapewa jina la Afrika Magharibi, na mwisho ikatiwa lugha ya Afrika Mashariki. Bara lenye nchi zaidi ya 50 likapondwa katika kinu kimoja, ukatoka uji usio na ladha ya mahali popote. Huo ndio uzembe wa maandishi, na uzembe juu ya watu wengine ni mlango ambao dharau hupitia.

Dharau yenyewe inaonekana wazi zaidi katika jina walilopewa maadui. Wanaitwa Majini, na mchezo unaeleza kwamba ni neno la Kiswahili lenye maana ya pepo wabaya. Kila mtu wa pwani anajua kuwa jini si hilo tu. Katika imani na masimulizi ya Waswahili yako majini mema na mabaya, yenye dini na yasiyo na dini, yanayoishi katika mibuyu, mapangoni na baharini. Jini huzungumzwa naye, hubembelezwa, huahidiwa, na pengine huogopwa kwa heshima. Yote hayo yameondolewa, likabaki gamba la neno, nalo likabandikwa juu ya mtu mweusi mwenye panga ili kumpiga risasi kusiwe na uzito.

Na watu hao hawasemi jambo jingine. Anayekisikia Kiswahili katika mchezo huu anakisikia karibu wakati wote kutoka vinywani mwa watu wanaokuja kuua: amri za kukamata, vitisho, matusi na mayowe. Anayehutubia umati kwa kipaza sauti anahutubia ili mtu akatwe kichwa hadharani. Lugha ambayo mama humbembelezea mtoto, ambayo mashauri ya kijiji huamuliwa kwayo, ambayo maiti huombewa kwayo, imegeuzwa kuwa ishara ya hatari. Mamilioni ya vijana wa Ulaya, Marekani na Asia ambao hawajapata kukisikia Kiswahili mahali pengine popote wamefunzwa kwa saa nyingi kwamba yakisikika maneno yale, ni wakati wa kuinua bastola. Je, kuna somo la lugha lililo baya kuliko hilo?

Tena uadui huo hausubiri kimelea. Mwanzoni kabisa, kabla mchezaji hajaonyeshwa jinsi watu wanavyoambukizwa, Chris anapita katika mitaa ambayo wakazi wake wanamkodolea macho ya chuki, na kundi la wanaume linapiga mateke kitu kilichomo ndani ya gunia. Mchezaji hakuonyeshwa soko lenye wachuuzi, wala mtoto anayetoka shule, wala mzee anayemkaribisha mgeni kwa maji. Hakuona alivyokuwa mtu wa Kijuju kabla ya kuwa zimwi. Kwa hiyo hana cha kusikitikia. Hofu ya kweli huanzia katika kupoteza, na hapawezi kuwa na kupoteza pale ambapo mwandishi alikataa tangu mwanzo kwamba kulikuwa na kitu.

Baadaye mchezaji anafika katika vinamasi vya watu waitwao Wandipaya. Hapo inda inavua joho. Wanatokea watu waliovaa vinyago vya miti na nguo za majani, waliojichora rangi mwilini, wakirusha mikuki na kupiga kelele. Ni picha ile ile iliyochorwa na magazeti ya watoto ya Ulaya enzi za ukoloni, isipokuwa sasa imechorwa kwa kompyuta ya hali ya juu, na kila jani linatikisika kwa upepo. Teknolojia ya mwaka 2009 imetumikia kasumba ya mwaka 1909.

Jambo la kuhuzunisha kuliko yote ni kwamba waandishi hao walikuwa na hadithi njema mikononi mwao, wakaitupa. Chini ya nchi ya Wandipaya kuna mji wa kale na maua ya ajabu yaliyokuwa sehemu ya mila zao za ufalme. Katika miaka ya 1960 mabwana wa kampuni ya dawa iitwayo Umbrella walifika, wakawanyang'anya wenyeji ardhi hiyo takatifu, wakatumia maua hayo kutengeneza kirusi kilichowatajirisha. Wazazi wa Sheva waliangamia katika kiwanda cha kampuni hiyo hiyo. Miaka mingi baadaye wakaja watu wa kampuni nyingine, nao wakawadunga Wandipaya sindano wakiwaambia kwamba ni chanjo. Wanawake na watoto wakafa. Wanaume wakageuka yale mazimwi anayoyapiga mchezaji.

Hadithi hiyo imewekwa wapi? Imewekwa katika karatasi za kuokota na kurasa za maelezo ya pembeni. Habari za sindano zimo katika kumbukumbu za kijana mmoja wa kijiji, ambazo mchezaji aweza kuziruka bila kupungukiwa na lolote. Kijana huyo ndiye Mwafrika pekee wa Kijuju anayeeleza kwa kirefu yaliyowapata watu wake, na sauti yake imefichwa mahali ambapo mwenye haraka hatafika. Wesker amepewa hotuba juu ya hotuba. Mwenye msiba amepewa kikaratasi.

Na wala msiba wa namna hiyo si wa kubuniwa mtupu. Mwaka 1996, mjini Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni kubwa ya dawa ya Marekani iliwajaribia watoto dawa mpya. Watoto wengine walikufa, wengine wakabaki na ulemavu. Wazazi walilalamika kwamba hawakuelezwa kuwa ni jaribio, na kampuni ikakana kosa. Kesi ziliendelea kwa miaka mingi, na katika mwaka 2009, mwaka ule ule mchezo huu ulipotolewa, kampuni ilikubaliana na jimbo la Kano kulipa dola milioni 75 bila kukiri hatia. Katika nchi hiyo hiyo ya Afrika Magharibi, mwandishi Ken Saro-Wiwa alinyongwa tarehe 10 Novemba 1995 pamoja na wenzake 8, baada ya kuongoza harakati za Waogoni dhidi ya uharibifu wa ardhi yao kwa mafuta. Mchezo huu una chanjo ya uongo, una visima vya mafuta, una kampuni za kigeni zinazovuna na kuacha mizoga. Kila kiungo cha hadithi kubwa ya vitisho kilikuwa jikoni. Mpishi akachagua kupika kinyago.

Mchezo huu una watetezi wake, na hoja zao zinastahili kujibiwa. Wa kwanza husema kwamba katika mchezo wa nne wanavijiji wa Hispania walifanywa hivyo hivyo, wakaitwa kwa neno la Kihispania lenye maana ya mifugo, na hakuna aliyelalamika. Hoja hiyo ina kweli ndani yake, na inaonyesha kwamba kiburi cha waandishi hao hakikuanzia Afrika. Lakini Hispania inajulikana duniani kwa wachoraji wake, timu zake za kandanda, miji yake na vitabu vyake. Mchezo mmoja mbaya hauwezi kuifunika. Afrika katika michezo ya video huonekana mara chache, na inapoonekana, mara nyingi ni uwanja wa vita au mbuga ya kuwindia. Kofi moja kwa mtu aliyeshiba heshima si sawa na kofi lile lile kwa mtu anayedhihakiwa kila siku.

Wa pili hutaja kwamba bodi ya Uingereza inayopanga filamu na michezo kwa umri wa watazamaji ililichunguza lalamiko kuhusu tukio moja, ambamo mwanamke wa kizungu anaburutwa na mwanamume, ikaona kwamba si ubaguzi. Mwanazuoni mmoja wa Uingereza naye alisema kwamba mchezo huu kwa hakika unapinga ukoloni, na kwamba wanaoulaumu wanataka kusema mtu mweusi hawezi kuogofya. La hasha! Hakuna anayedai kwamba mtu mweusi asiogofye. Babu na bibi wa pwani na bara wamewatisha wajukuu wao kwa mazimwi weusi tangu dahari. Linalodaiwa ni kwamba anayeogofya awe na jina, sababu na mji aliotoka. Ama huo upinzani wa ukoloni, ukoloni haupingwi kwa kuwapa wakoloni maneno yote na waliotawaliwa mayowe yote.

Wa tatu humtaja Sheva. Ni kweli kwamba yeye ni shujaa, na ni kweli kwamba katika uchezaji yu sawa na Chris kwa kila hali. Lakini na atazamwe jinsi waandishi walivyomtendea. Huzuni yake ndiyo iliyopaswa kuwa moyo wa hadithi, maana aliyeuawa ni mzazi wake na bara ni lake. Badala yake hadithi inageuka na kuwa ya Chris kumtafuta rafiki yake wa Kimarekani, na Sheva anafuata nyuma. Mchezaji akimaliza kazi hutunukiwa mavazi ya ziada. Chris hupata vazi liitwalo Safari. Sheva hupata liitwalo la Kikabila, nalo ni vipande viwili vya ngozi ya chui na rangi za kuchora mwilini. Askari aliyeokoa maisha ya mwenzake mara mia anavuliwa nguo na kupewa kama zawadi. Kanuni za mchezo zilimfanya mwenzi. Maandishi yalimfanya pambo.

Wa nne husema, huu ni mchezo tu. Hao ndio wanaoudharau mchezo kuliko mtu mwingine yeyote. Kama jambo ni mchezo tu, kwa nini mafundi walihangaika kwa miaka kadhaa ili jua la Kijuju liwakate macho wachezaji? Kwa nini kila risasi imepewa uzito wake? Walijua kwamba kinachofanywa kwa ustadi huingia moyoni. Watengenezaji walijitetea kwamba hawakukusudia kumdhalilisha mtu kwa rangi yake, na yawezekana walisema kweli. Lakini anayemwaga maji ya moto barabarani hapimwi kwa nia, hupimwa kwa miguu iliyoungua.

Kwamba yawezekana kufanya vinginevyo si ndoto. Mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa mchezo wa Aurion, wenye wafalme, familia na falsafa za Kiafrika, kwa fedha ndogo sana ikilinganishwa na za Osaka. Mwezi Aprili mwaka 2024 Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa mchezo uitwao Tales of Kenzera: Zau. Aliutunga baada ya kufiwa na baba yake. Unamhusu kijana mganga anayemwendea mungu wa mauti na kumwomba amrudishie baba. Mchezaji akipenda, huusikiliza wote kwa Kiswahili. Humo lugha hii inaomboleza, inabishana, inafariji. Yamo mapigano, yamo mapepo, yamo mauti yenyewe, na hakuna aliyevuliwa utu ili mchezo unoge.

Tofauti ya kazi hizo mbili haikutokana na mashine. Capcom ilikuwa na mashine bora na fedha tele. Tofauti ilitokana na swali ambalo mmoja alijiuliza na mwingine hakujiuliza: watu hawa ni akina nani?

Mwezi Novemba mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mwezi Februari mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukaipitisha lugha hiyo kuwa mojawapo ya lugha zake za kazi. Sherehe hufanyika, ngoma hupigwa, hotuba husomwa. Yote hayo ni mema. Lakini lugha hailindwi kwa hotuba peke yake. Hulindwa pale inapotumiwa, na siku hizi vijana wengi ulimwenguni hukutana nayo kwanza katika vioo vya michezo. Vyombo vinavyosimamia Kiswahili vina wajibu wa kuwafikia watengenezaji wa michezo kabla sauti hazijarekodiwa, kuwapa wafasiri, waandishi na waigizaji, na kuwaambia bila haya kwamba Kijuju si mahali. Waandishi vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar nao hawana budi kujifunza ufundi huu mpya, maana nafasi iliyoachwa wazi na mwenye lugha hujazwa na asiyeijua.

Na mchezaji mwenyewe, pale anapoishika pedi na kumwinua mwenzake aliyeanguka, akumbuke kwamba mikono yake imefanya jambo jema ambalo waandishi hawakulielewa. Na adui akimjia akifoka kwa Kiswahili, ajue kwamba hiyo si sauti ya zimwi. Ni lugha ya watu zaidi ya milioni 200, na bado wanaidai.